Mzigo wa mlezi si kanda la usufi

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kauli hiyo hunijia akilini kila nionapo wakongwe wakishuka kutoka kwenye matatu mjini Thika au Ruiru, wamekuja kufuatia pesa za mradi wa Inua Jamii. Sote huwatazama wazee hao kwa huruma, tukawapisha njia na kuwaamkua. Ni wachache miongoni mwetu wamtazamao yule aliyemshika ajuza mkono. Aghalabu huwa ni binti wa makamo aliyekosa kibarua cha siku hiyo, au mjukuu aliyevaa sare ya shule ilhali wenzake wako darasani. Makala haya yanamhusu huyo.

Nisieleweke vibaya. Serikali imepiga hatua ambayo haifai kubezwa. Ilianza mwaka wa 2004 kwa kuwafikia mayatima wachache kwa majaribio, kisha wazee maskini, halafu watu wenye ulemavu mkubwa. Mnamo 2018 mlango ulifunguliwa kwa kila Mkenya aliyetimiza umri wa miaka 70 na asiyepokea malipo mengine ya uzeeni. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inaliagiza taifa kuwapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kwa hivyo mzee anayepokea pesa hizo hapewi sadaka bali anapewa haki yake.

Kiwango chenyewe ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuigawanya hesabu hiyo kwa siku 30 na kupata shilingi 66 na senti kadha. Kiwango hicho kimesimama palepale tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilhali bei sokoni hazijasimama. Mnamo Julai 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilikuwa imepita shilingi 200, hata serikali ikalazimika kuishusha hadi shilingi 100 kwa muda. Katika mwezi kama huo pesa zote za mzee zingenunua pakiti zisizozidi kumi, bila mboga, bila dawa, bila nauli. Na ni mzee gani alaye peke yake? Sahani moja huzungukwa na wajukuu wanne.

Huenda msomaji akauliza, kwani wazee hawa walikuwa wapi ujanani? Jibu liko wazi mbele ya macho yetu. Walikuwa wakichuma kahawa na kukata mkonge katika mashamba makubwa yaliyouzunguka mji wa Ruiru. Walikuwa wakivuna mananasi na kuhudumu katika viwanda vya Thika. Wengi wao walikuwa vibarua, na kibarua huandikwa asubuhi akaachishwa jioni. Jina lake halikufika katika daftari la Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ijapokuwa hazina hiyo iliundwa mwaka wa 1965.

Hata waliobahatika kuandikishwa hawakutajirika. Kwa miaka mingi hadi Februari 2023, mfanyakazi alikatwa kiasi kisichozidi shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri akaongeza kiasi sawa na hicho. Hizo ni shilingi 4,800 kwa mwaka. Mtu aliyechanga hivyo kwa miaka 20 alikuwa na shilingi 96,000 kabla ya riba, akazipokea kwa mkupuo mmoja. Zilezile ndizo alizotakiwa kuzilia hadi kufa kwake. Sheria ya 2013, ambayo utekelezaji wake ulicheleweshwa kwa kesi hadi 2023, iliweka mchango wa asilimia 6 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri. Hilo ni jema kwa kijana wa leo, lakini halimfai aliyekwisha kuzeeka.

Hapo ndipo tunamfikia mlezi. Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 45 katika mtaa wa Kiandutu, Thika, au Gitothua, Ruiru. Alikuwa na kazi kiwandani, au meza ya mboga kando ya barabara. Mamaye akapatwa na kiharusi. Ndugu zake wa kiume wakaketi, wakashauriana, wakaamua kwamba yeye ndiye abaki nyumbani na cucu. Wao wangetuma pesa kila mwezi. Mwaka wa kwanza pesa zilikuja. Mwaka wa pili zikaanza kukawia, na baada ya hapo zikaja salamu tu. Mwanamke huyu humgeuza mgonjwa kitandani, humwosha, humlisha, huamka naye usiku. Kwa taratibu zetu za serikali mwanamke huyu hana kazi. Hana siku ya kupumzika, na hakuna senti moja inayowekwa kwa jina lake. Iwapo mamaye ataishi miaka 15 zaidi, naye atakuwa na miaka 60, mgongo umechoka, mkono mtupu. Itambidi angoje miaka kumi mingine ili aanze kupokea shilingi 2,000. Tunamwokoa mkongwe mmoja kwa kumtengeneza mkongwe mwingine maskini.

Hali ni hiyo hiyo kwa wazazi wa watoto wenye ulemavu. Mji wa Thika una sifa njema katika jambo hili. Shule ya vipofu iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946 imewasomesha watoto kutoka pembe zote za nchi, na shule ya Joytown imewalea wenye ulemavu wa viungo. Lakini shule hufunga, na mtoto hurudi nyumbani. Wako pia wale ambao ulemavu wao ni mzito mno hata hawajawahi kufika shuleni. Hao ndio waliokusudiwa na mpango wa watu wenye ulemavu mkubwa. Jina la mama huandikwa katika stakabadhi za malipo kwa sababu mtoto hawezi kujichukulia. Anatambuliwa kama mkono wa kupokelea, wala hatambuliwi kama mtu aliyeacha riziki yake.

Ninyi walimu mnayajua haya kuliko waandishi. Katika daftari la mahudhurio kuna mtoto ambaye kila baada ya majuma kadhaa huwa na alama ya kutokuwepo. Akiulizwa husema alikuwa mgonjwa, kwani anaona haya kusema kwamba alimpeleka nyanyaye mjini, au alibaki kumlinda babu aliyepotewa na fahamu ili mama aende kufua nguo za watu. Mtoto huyo huadhibiwa kwa utoro. Yeye pia ni mlezi, na tofauti pekee ni kwamba ana umri wa miaka 13.

Naomba pia walimu wajilinganishe naye kwa haki. Mwalimu wa serikali aliye katika mpango wa pensheni ulioanza Januari 2021 hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wake wa msingi, na serikali humwekea asilimia 15 juu yake. Hiyo ni sawa, maadamu anawalea watoto wa taifa. Binti wa Gitothua analea wazazi wa taifa hilohilo, na fungu lake ni sifuri.

Wapo watakaosema kwamba kumtunza mzazi ni wajibu na baraka, na kwamba kuulipia wajibu huo ni kuiga Wazungu. Ni vyema wajue kwamba Wazungu wenyewe walishikilia hoja iyo hiyo. Uingereza ilianzisha malipo ya walezi mwaka wa 1976, ila mke aliyeolewa hakuruhusiwa kuyapata, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba angekuwa nyumbani kwa vyovyote vile. Mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliyekuwa ameacha kazi ili amuuguze mamaye, alipeleka shauri mahakamani. Mnamo 1986 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba ubaguzi huo haukuwa halali. Dhana iliyoangushwa huko, kwamba jasho la mwanamke nyumbani halina thamani, ndiyo ingali imekaa kitako hapa kwetu ikijiita mila.

Wengine watasema nchi ni maskini. Lakini Zanzibar, yenye hazina ndogo kuliko yetu, ilianza kuwalipa wazee wake wote wa miaka 70 na zaidi mnamo Aprili 2016, kwa fedha zake yenyewe. Yaani lilitangulia kusudi, kisha fungu likatafutwa.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanawezekana. Kwanza, chifu na afisa wa ustawi wa jamii wanapomwandikisha mzee asiyejiweza, wamwandikishe na mlezi wake kama mhitaji kwa haki yake, wajue umri wake na kazi aliyoiacha. Hatuwezi kumsaidia tusiyemhesabu. Pili, kwa kila mwezi ambao mlezi huyo anauguza, serikali imwekee mchango mdogo katika NSSF, ili uzee wake usianze mikono mitupu. Tatu, kiwango cha shilingi 2,000 kiangaliwe upya kila bajeti kwa kulinganishwa na bei ya chakula, badala ya kuachwa kiyeyuke kama barafu juani.

Shule nazo zina sehemu yao, isiyohitaji bajeti. Mwalimu wa darasa akimwona mtoto akikosa kwa mpangilio unaojirudia, aulize kwa upole kabla ya kuchukua kiboko, ambacho sheria ilikwisha kukipiga marufuku. Ampe mtoto huyo kazi ya kufanyia nyumbani, na amwelekeze mzazi kwa afisa wa ustawi wa jamii. Nanyi wanafunzi, mnapoandika insha juu ya mashujaa wa taifa, msiwasahau waliomo jikoni mwenu.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 371,111 katika kaunti ndogo ya Ruiru pekee, wengi wao vijana waliofuata kazi kando ya barabara kuu ya Thika. Vijana hao watazeeka, na kila mmoja atamhitaji mtu wa kumshika mkono. Kama leo hatutamjali aliyemshika ajuza mkono pale stendi, siku hiyo ikifika tutanyoosha mikono tukute hapana mtu.