Breka Inapokata, Tusikimbilie Kununua Betri



Ombi la betri mpya kwa gari la huduma ya mkoba huandikwa mara nyingi kwa maneno yaleyale: friji ya chanjo inazimika jioni, betri imekufa. Kabla ya kulipitisha, ulizeni kwanza habari za kifaa kidogo chenye ukubwa wa kiberiti, yaani breka.

Gari la namna hii, sawa na yale magari ya kulala ambayo watu wa Ulaya na Marekani husafiri nayo likizoni, huwa na betri mbili. Ya kwanza huwasha injini; ya pili ni ya friji na taa za nyuma. Injini ikizunguka, altaneta huzichaji zote mbili, na kwenye waya unaokwenda betri ya pili ndipo breka ilipo. Betri ikipigwa shoti huweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Breka huwekwa ili kulinda waya usiwake moto. Haikuwekwa kwa ajili ya friji, na hapa ndipo wengi hukosea.

Ampea 30 kwenye volti 14 ni wati 420. Nyumbani, kwenye volti 240, wati hizohizo hazifiki ampea 2. Ndiyo maana nyaya za gari ni nene, na nati iliyolegea kidogo tu huleta joto.

Joto hilo ndilo kiini cha matatizo. Ndani ya breka nyingi za magari kuna kipande cha metali mbili zilizoshikamanishwa. Kikipata moto hupinda na kukata njia ya umeme. Nyingine zinarudishwa kwa kubonyeza kitufe, nyingine hujirudisha zenyewe zikipoa. Hizi za mwisho ndizo zinazotupotosha. Hukata na kurudi siku nzima bila dereva kujua, betri ya pili haijai, na jioni friji inazimika. Betri mpya nayo itaishia hivyohivyo.

Niliwahi kukuta gari ambalo breka ya ampea 30 imetolewa, ikawekwa ya ampea 60, waya ukiwa uleule. Breka haikukata tena, ni kweli. Tulipoinua zulia, ganda la waya lilikuwa limeyeyuka na kugandamana na sakafu, chini ya kitanda cha kupimia wajawazito. Chanzo cha yote? Nati ya breka, ambayo niliizungusha kwa vidole.

Basi fundi alete mita, apime, na aandike namba. Betri ya kawaida ya asidi iliyojaa na kupumzika saa chache huonyesha volti 12.6 hivi, ikiwa 12.0 au chini, iko karibu tupu. Kisha injini iwashwe. Betri ya kwanza ikionyesha 14 na ya pili 12.2, umeme haufiki. Ncha mbili za mita ziwekwe kwenye vichwa viwili vya breka: breka nzima husoma karibu na sifuri. Ikisoma volti moja au zaidi, imekata. Ikisoma kama nusu volti huku umeme unapita, vichwa vina kutu au vimelegea, au breka yenyewe imechoka.

Injini izimwe na waya za hasi za betri zote mbili zifunguliwe kabla ya kugusa nati yoyote. Pete ivuliwe kidoleni. Vichwa visafishwe, vikazwe, vipimwe upya. Breka ikiendelea kukata, waya ufuatwe wote, hasa unapopenya tundu la bati.

Breka mpya ikihitajika, iwe ya ampea zilezile na iandikwe DC. Ya nyumbani haifai. Umeme wa nyumbani hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche huzimika. Wa betri haupiti sifuri, na cheche huweza kuendelea kuwaka ndani ya breka.

Wakati wa kazi hiyo chanjo zihamishiwe kwenye kasha la baridi, kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Na ombi la betri, likija, liambatane na namba za fundi.