Mlinzi wa Doha aliyeuziwa ndege ya bure

DOHA – Kijana wa Mombasa anayefanya kazi ya ulinzi nchini Qatar alilipa pesa kununua programu ya kuigiza urubani ambayo dunia nzima inaipata bila malipo. Walioitengeneza wanajua kuwa mambo haya hutokea. Wamebishana juu yake kwa miaka mingi, na hadi leo hawakuweka marufuku.

Nilimkuta siku ya Ijumaa katika chumba cha watu sita huko Sanaiya, eneo la viwanda la Doha ambako wafanyakazi wengi wa kigeni hupangiwa makazi. Sanduku lake la safari lilikuwa limesimamishwa wima kati ya vitanda viwili vya ghorofa, na juu yake iko laptopu kuukuu yenye kitufe kimoja kilichong'oka. Kwenye kioo ilionekana Cessna 172 ikikimbia kwenye njia ya kurukia ya uwanja wa zamani wa Doha, njia yenye urefu wa mita 4,570, ambayo ni kubwa mno kwa kindege cha abiria watatu na rubani wake. Kikanyanyuka, kikapinda kuelekea baharini.

Hapo ndipo aliponionyesha kichekesho chake. Kila siku anasimama saa kumi na mbili kwenye lango la ghala moja karibu na Uwanja wa Kimataifa wa Hamad, ule uliofunguliwa mwaka 2014 na ambao sehemu yake kubwa imejengwa juu ya bahari iliyojazwa kifusi. Katika programu aliyouziwa, mahali hapo ni maji matupu. Alinunua kitu walichomwambia ni kipya, cha kisasa, chenye viwanja vyote vya dunia, kumbe lango analolilinda halikuwamo.

Aliyemfumbua macho ni mwenzake wa chumbani, Mganda aliyesomea kompyuta na ambaye sasa anasafisha vioo vya maghorofa. Alifungua ukurasa unaoeleza habari za programu yenyewe na kukuta maneno ambayo muuzaji hakuyafuta: jina FlightGear, na maandishi marefu ya leseni. Jina la biashara juu ya kasha lilikuwa jingine kabisa. Muuzaji huyo simtaji, na wala hayuko peke yake. Pesa zilizokwenda kwake zilikuwa za kumtumia mama mwezi ule.

FlightGear ilianza kama pendekezo la Mmarekani David Murr, aliyetoa wazo mwezi Aprili 1996 kwamba watu wa kujitolea washirikiane kupitia intaneti kutengeneza programu ya urubani itakayokuwa mali ya wote. Wakati huo programu za aina hiyo zilikuwa za makampuni, na mtumiaji hakuweza kuona ndani zimefanyaje kazi. Curtis Olson, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ndiye aliyeishika kazi hiyo ikasimama, na mwezi Julai 1997 likatoka toleo la kwanza lililoweza kutumika kwenye aina mbalimbali za kompyuta. Hesabu za namna ndege inavyopaa na kuanguka zilichukuliwa mwanzoni kutoka programu ya LaRCsim ya NASA. Baadaye zikaja JSBSim na YASim, nazo pia za watu wa kujitolea. Waungwana hawa hawana haraka: toleo waliloridhika kuliita 1.0 lilitoka Desemba 2007, miaka kumi baada ya lile la kwanza.

Leseni waliyoichagua ni ile ya GNU, toleo la pili, ijulikanayo kama GPL. Watu wengi hudhani leseni hiyo inasema kitu ni cha bure, na hilo ni kosa. Inasema mwenye nakala ana haki ya kuitumia, kuichungulia ndani, kuibadilisha na kuigawa, na katika kuigawa anaruhusiwa kutoza pesa. Sharti ni kwamba ampe mnunuzi haki zile zile, amwezeshe kupata msimbo wa programu, na asifute majina ya walioiandika. Kwa maneno mengine, tapeli wa kijana wetu hakuvunja leseni kwa kule kuuza. Kama amevunja jambo, ni katika kuficha msimbo na kusema uongo kwenye tangazo.

Biashara hii ya kubadilisha kasha ilipopamba moto, kambi mbili zilijitokeza miongoni mwa watengenezaji, na nikisema kweli zote mbili zina hoja.

Kambi ya kwanza ni ya wale waliochora ndege. Mtu amekaa usiku kwa miaka, baada ya kazi yake ya mchana, akihesabu riveti za bawa na kurekodi mlio wa injini. Kisha anatokea mtu asiyemjua, anabandika jina jipya, anapachika picha za kuvutia ambazo pengine si za programu hiyo, anauza. Mnunuzi akikwama hamrudii muuzaji, maana muuzaji hapokei simu. Anawarudia hao hao wa kujitolea, tena kwa matusi. Baadhi ya wachoraji waliamua kuzitoa ndege zao kwa leseni inayokataza biashara. Mradi haukuwazuia, ila uliwaambia kwamba ndege za namna hiyo haziwezi kuingia katika ghala lake rasmi, zikae katika maghala yao wenyewe.

Kambi ya pili inauliza: ukikataza kuuza, unamkataza nani? Olson mwenyewe aliwahi kuuza DVD za programu hiyo pamoja na ramani ya dunia nzima, kwa faida ya watu ambao intaneti yao isingeweza kupakua makumi ya gigabaiti. Vyuo vikuu vinaitumia katika utafiti, na yapo makampuni yanayotengeneza vyumba vya mafunzo ya urubani ambayo yameitegemea. Hao wote ni biashara au wanakaribiana na biashara. Tena kubadili leseni si jambo la kikao kimoja. Kila aliyeandika mstari ana haki yake juu ya mstari huo, nao ni mamia ya watu, wengine hawapatikani tena, wengine wametangulia mbele ya haki.

Matokeo yake ni kwamba walitoa taarifa ya wazi: hatuhusiani na wauzaji hawa, leseni inawaruhusu kuuza, na kitu hicho hicho unaweza kukipata kwetu bila kulipa senti. Wakaishia hapo.

Nilipomweleza mdogo wangu huyu habari hizo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba basi wale wazungu ni wajinga au ni watakatifu. Mimi naona si hili wala si lile. Hapa hapa Doha, mwezi Januari 2009, Al Jazeera ilifanya jambo linalofanana na hilo. Wakati wa vita vya Gaza ilichukua picha za video zilizopigwa na watu wake na kuziweka chini ya leseni ya Creative Commons ambayo sharti lake ni kutaja chanzo tu. Yeyote aliruhusiwa kuzitumia, hata kwa biashara, hata vituo vinavyoshindana nayo. Ingeweza kuongeza sharti la kukataza biashara na hakuna ambaye angelalamika. Lakini picha hizo zingebaki kwa watu wachache, ilhali lengo lilikuwa zifike mbali.

Nalisema hili kama mtu aliyelipia somo hilo. Gazeti nililoandikia nyumbani lilipofungwa, milango ilitiwa kufuli na kumbukumbu zote zikabaki ndani. Makala zangu za miaka tisa sikuruhusiwa kuzinakili, kwa kuwa mkataba ulisema ni mali ya kampuni. Zilizosalimika ni zile ambazo wasomaji walikuwa wamezinakili bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa hiyo mwaka 2015, wakati Gitorious, mtandao ambao FlightGear iliweka msimbo wake, ulipofungwa, nilifuatilia kwa wivu namna walivyohama. Walibeba kazi yao pamoja na historia yake, wakahamia SourceForge. Nakala zilikuwa katika kompyuta za watu wengi na hakuna aliyehitaji ruhusa ya mwenye nyumba.

Si kwamba wanaishi kama malaika. Mwaka 2014, ndege zilipohamishiwa katika ghala jipya liitwalo FGAddon, kundi moja halikukubaliana na utaratibu huo, likajitenga na kuanzisha ghala lake. Maneno makali yalirushwa pande zote. Mjadala wa picha nao ulikuwa hivyo hivyo: mwaka 2012 toleo la 2.8 lilileta mfumo wa Rembrandt, wenye vivuli na taa za kupendeza, lakini uliozilemea kompyuta za kawaida, na wengine wakapendelea njia nyepesi zaidi ya kuchora mwanga wa anga. Kwa mwenye laptopu juu ya sanduku huko Sanaiya, jibu la mjadala huo ndilo linaloamua kama ndege itaruka au itaganda kama picha ya ukutani.

Kuna mjadala mmoja ambao kijana huyu hapendi kuuzungumzia, nao ni wa silaha. Ndani ya FlightGear zipo ndege za kivita, na wapo watu waliotengeneza nyongeza za mabomu na mapambano ya angani. Wengine katika mradi hawataki kabisa kuhusishwa na mambo hayo, wengine wanasema programu huria haichagui matumizi. Mzungu wa Minnesota anaweza kubishana hilo akinywa kahawa yake. Mwislamu wa Mombasa aliye ughaibuni hana nafasi hiyo. Tangu Septemba 2001, kijana mwenye jina kama lake akionekana anajifunza urubani, swali la kwanza si la mitihani. Na mwaka 2024 mahakama ya New York ilimtia hatiani Mkenya Cholo Abdi Abdullah, aliyekamatwa Ufilipino mwaka 2019 ambako alikuwa akisomea urubani kwa niaba ya al-Shabaab. Mtu mmoja amewaharibia wengi. Mlango ulipogongwa tukiwa katika mazungumzo, kijana aliifunga laptopu kwanza ndipo akauliza ni nani. Alikuwa jirani amekuja kuomba chumvi.

Nilimuuliza, basi anajisumbua kwa nini? Saa anazorusha ndege juu ya sanduku hazihesabiwi popote, maana mamlaka za anga hutambua vyombo vilivyoidhinishwa tu, tena chini ya mwalimu. Analijua hilo. Alisema anataka siku akiingia darasani, kama ataingia, asiwe mtu wa kuuliza maana ya kila kijisaa. Kwa sasa anaweza kueleza kwa nini ndege hupoteza mnyanyuko na kudondoka pua ikiinuliwa kupita kiasi, na alinieleza kwa viganja vya mikono, vizuri kuliko mwalimu wangu wa fizikia.

Siku hizi ameacha nakala ya tapeli na kupakua ile halisi. Kabla ya hapo, alipojua leseni inasemaje, aliinakili ile aliyouziwa akawagawia wenzake wote wa chumbani. Hiyo ilikuwa haki yake kamili kisheria, na nadhani ndiyo faida pekee aliyoipata katika ununuzi ule.

Kinachomshughulisha sasa ni Afrika Mashariki yenyewe. Milima na mabonde ipo: chombo cha Endeavour kilipima urefu wa nchi kavu kutoka angani kwa siku kumi na moja mwezi Februari 2000, na vipimo vya kina zaidi, vya kila mita 30, Marekani ilipoanza kuvitoa kwa wote mwezi Septemba 2014 ilianza na bara la Afrika. Kibo inaonekana vizuri. Kinachopungua ni kazi ya mikono ya watu. Jengo la uwanja wa Ulaya limechorwa na mtu anayeishi jirani nalo na aliyelipenda, na huku kwetu majirani wa namna hiyo ni wachache. Kuongeza jengo si kazi ngumu sana, ila njia ya kurukia ni kazi nyingine, kwa kuwa katika FlightGear imeshonwa pamoja na ardhi yenyewe na huwezi kuibadilisha bila kuishona upya sehemu nzima.

Ameanza na jengo la abiria la Uwanja wa Moi, Mombasa. Na hapo leseni imemrudia kwa mlango wa nyuma. Picha za setelaiti za makampuni haruhusiwi kuzinakili, picha za watu wengine kutoka mtandaoni zitakataliwa, kwa hiyo anahitaji picha zake mwenyewe au za mtu aliyemruhusu. Yeye yuko Doha, na likizo yake ni ya baada ya miaka miwili. Kupiga picha kwenye viwanja vya ndege ni kujitafutia matatizo, na yeye hataki matatizo ya aina hiyo kwa sababu nilizozieleza.

Dada yake alijitolea kupiga kutoka barabarani, akiwa ndani ya matatu. Picha nne ziliingia kwenye simu tukiwa tunakunywa chai. Katika tatu, jengo limekingwa na basi. Katika ya nne linaonekana paa na nusu ya ukuta, na kijana akaanza kuhesabu madirisha.