Ashinde, Anastahili, Atashinda: Mjadala wa Tuzo za Filamu katika Darasa la Mvara

Walimu wengi wa Kiswahili hulalamika kwamba midahalo ya darasani imechakaa. Mada ni zile zile: mji na shamba, elimu na mali, kalamu na upanga. Wanafunzi wamekwisha kukariri hoja za pande zote mbili, na anayesimama kuzungumza hatafuti neno jipya. Makala hii inaeleza mada nyingine, ambayo tuliijaribu na darasa la jioni huko Mvara, mjini Arua: kuwajadili waigizaji walioteuliwa kuwania tuzo ya filamu, kisha kutabiri mshindi.

Tulikwenda tukiamini kwamba somo lina maswali mawili. La kwanza, nani anastahili kushinda? La pili, nani atashinda? Tulirudi tukiwa na matatu, na hilo la tatu tulifundishwa na mwanafunzi.

Maneno kwanza

Kabla ya mjadala tulitengeneza msamiati. Tatizo lilianza na kitenzi "kuteua". Katika siasa, waziri aliyeteuliwa amekwisha kupata kiti, na rais mteule amekwisha kuchaguliwa, anangoja kuapishwa tu. Katika filamu, mwigizaji aliyeteuliwa bado hajapata kitu. Ameingizwa kwenye orodha ya watakaopigiwa kura. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika "ameteuliwa mwigizaji bora", msomaji ataelewa kwamba tuzo imekwisha kutolewa. Tulikubaliana kusema "ameteuliwa kuwania tuzo", na kundi zima kuliita "wanaowania". Kila aina ya tuzo tuliiita kipengele, ingawa Kenya wengi husema kitengo.

Vitenzi vya kusema yajayo navyo havilingani. Anayetabiri hutegemea dalili, kama watabiri wa hali ya hewa. Anayekisia ana kipimo fulani kichwani, lakini hakupima. Anayebahatisha hana dalili wala kipimo. Anayeagua anadai kuona kwa ramli. "Kubashiri", ambako asili yake ni kuleta habari njema, siku hizi kumehamia kwenye vibanda vya kubeti mpira. Tuliwaambia wanafunzi kwamba kazi yao ni kutabiri: kila atakayetaja jina ataje na dalili.

Mfano wenyewe: mwaka 2007

Tulichagua mfano unaoihusu West Nile moja kwa moja. Filamu ya The Last King of Scotland, iliyoongozwa na Kevin Macdonald na kutoka mwaka 2006, inatokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Ilipigwa Uganda kwa sehemu kubwa, na waigizaji wa Uganda kama Stephen Rwangyezi na Abby Mukiibi wamo. Forest Whitaker, Mmarekani, aliigiza Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko. Ili kujiandaa, Whitaker alijifunza Kiswahili na kukutana na baadhi ya ndugu zake Amin.

Tarehe 23 Januari 2007 yalitangazwa majina matano ya wanaowania tuzo ya Oscar katika kipengele cha mwigizaji bora wa kiume: Leonardo DiCaprio, Ryan Gosling, Peter O'Toole, Will Smith na Forest Whitaker. Tuliwaomba wanafunzi wajifanye wako tarehe 24 Februari 2007, siku moja kabla ya sherehe. Baadhi walijua matokeo, lakini kila mmoja alitakiwa kuyaweka kando na kujenga hoja.

Hoja za kustahili zilikuja haraka. Upande wa Whitaker ulisema kwamba kucheka na kutisha kwa uso mmoja ni kazi ngumu, na kwamba kujifunza lugha kwa ajili ya filamu ni jasho la kweli. Upande wa O'Toole ulisema mzee huyo alikuwa na miaka 74, ameteuliwa mara ya nane, na hajawahi kushinda katika kipengele hicho. Upande wa kwanza ukajibu kwamba tuzo hiyo ni ya kazi moja, si ya maisha yote, na kwamba kwa maisha yote O'Toole alikwisha kupewa Oscar ya heshima mwaka 2003. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na waliitoa wenyewe.

Dalili za mtabiri

Walipofika kwenye utabiri walikwama, kwa sababu sifa za uigizaji hazitoshi. Mtabiri lazima ajue nani anapiga kura. Katika tuzo za Oscar, waigizaji walio wanachama wa Akademia ndio wanaoteua waigizaji wenzao. Katika duru ya mwisho wanachama wote hupiga kura, na mwenye kura nyingi hushinda. Waigizaji ndilo kundi kubwa kuliko mengine ndani ya Akademia. Kwa hiyo watabiri hutazama tuzo tatu zinazotangulia: tuzo za chama cha waigizaji wa Marekani, tuzo za BAFTA za Uingereza, ambazo baadhi ya wapiga kura wake ni wanachama wa Akademia pia, na Golden Globe, ambazo kwa miaka mingi zilipigiwa kura na kundi dogo la waandishi wa habari wasiofika mia.

Mwaka 2007 Whitaker alizipata zote tatu: Golden Globe tarehe 15 Januari, ya chama cha waigizaji tarehe 28 Januari, na BAFTA tarehe 11 Februari. Hapo mtabiri ana haki ya kusema "atashinda" bila kuongeza neno. Na tarehe 25 Februari 2007 alishinda.

Ili wasidhani kwamba kutabiri ni rahisi, tuliwapa mifano miwili zaidi. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o wa Kenya aliwania tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa filamu ya 12 Years a Slave. Golden Globe na BAFTA zilikwenda kwa Jennifer Lawrence. Ya chama cha waigizaji ilikwenda kwa Lupita. Anayehesabu tuzo angesema Lawrence, mbili kwa moja. Anayeangalia nani anapiga kura angesema Lupita. Tarehe 2 Machi 2014 Lupita alishinda. Darasa likapiga makofi, na baadhi wakatangaza kwamba kanuni imepatikana: fuata chama cha waigizaji.

Ndipo tukawapa mwaka 2021. Chadwick Boseman, aliyefariki Agosti 2020, alipewa Golden Globe na tuzo ya chama cha waigizaji. Anthony Hopkins alipata BAFTA. Wengi walisema Boseman, na waandaaji wa sherehe waliiweka tuzo hiyo mwisho kabisa. Tarehe 25 Aprili 2021 aliyetajwa ni Hopkins. Kanuni ya dakika kumi ikavunjika mbele ya macho yao.

Sarufi ya uhakika na shaka

Hapa ndipo somo la lugha lilipokaa. Tuliandika ubaoni ngazi ya maneno, kutoka uhakika hadi shaka: "bila shaka atashinda", "atashinda", "yaelekea atashinda", "anaweza kushinda", "huenda akashinda". Tukauliza: kwa dalili za mwaka 2007, unasimama ngazi ipi? Kwa zile za 2014? Kwa zile za 2021? Mwanafunzi aliyezoea kuishia kwenye "labda" alilazimika kupima dalili kabla ya kuchagua kitenzi.

Baada ya matokeo huja masharti: "Kama BAFTA wangalimpa Boseman, angalishinda." Vitabu vya sarufi hutenga -nge- kwa sharti ambalo bado linafikirika na -ngali- kwa lile lililokwisha kupita, ingawa katika mazungumzo wengi huvichanganya. Tuliona kwamba tuzo iliyokwisha kutolewa ni mahali pazuri pa kufundishia -ngali-, kwa kuwa kila mtu anajua mlango umefungwa.

Kosa lililojirudia lilikuwa neno "lazima". "Lazima ashinde," walisema wengi. Tukauliza: una maana kwamba hesabu inaonyesha atashinda, au kwamba haki inadai ashinde, au kwamba wewe unataka ashinde? Wakatazamana. Neno moja lilikuwa limebeba mizigo mitatu.

Swali la tatu

Mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, alikuwa kimya tangu mwanzo. Alipopewa nafasi alisema, "Mwalimu, mimi sitaki ashinde." Wenzake wakacheka. Akaendelea: bibi yake alitembea kwa miguu hadi Kongo mwaka 1980 kwa sababu ya jina la Amin, ingawa hakuwahi kumwona Amin. Sasa mtu amelivaa jina hilo na kupewa dhahabu. Kicheko kikakatika.

Waliokuwapo hawakuhitaji maelezo, lakini wasomaji wa mbali wanayahitaji. Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile waliadhibiwa kwa jumla. Mwishoni mwa 1980 askari waliingia Arua na Koboko, na maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Juni 1981 raia waliojificha katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Na filamu yenyewe inagusa nyumba za hapa. Kay, mke wa Amin aliyekufa mwaka 1974, alikuwa Mlugbara wa familia ya Adroa. Katika filamu anapewa mapenzi na daktari Mskoti, Nicholas Garrigan. Daktari huyo hakuwapo duniani. Ni mtu wa riwaya. Mtazamaji wa London anaweza kuyapitia hayo kama hadithi. Mvara kuna watu wanaosikia ukoo wa jirani ukitajwa.

Lugha yetu nayo imo katika jeraha hilo. Amin ndiye aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa Waganda wengi lugha hii ilibaki na harufu ya kambi na vizuizi vya barabarani. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, lakini mwalimu anayeingia darasani bado hukutana na wazee wanaouliza kwa nini mtoto afundishwe lugha ya askari.

Kijana mmoja alitaka kumjibu yule mama kwa kusema kwamba Whitaker ameigiza vizuri sana. Tulimzuia. Mama hakusema kwamba Whitaker ameigiza vibaya, wala hakusema kwamba atashindwa. Alijibu swali ambalo hatukuuliza: unataka nini? Na alitumia umbo sahihi kabisa: "ashinde", dhamira tegemezi, umbo la matakwa. Tukaandika ubaoni safu tatu: ashinde, anastahili, atashinda. Matakwa, haki, hesabu. Kisha tukamwomba aseme sentensi moja kwa kila safu. Akafikiri, akasema: "Sitaki ashinde. Anastahili, kwa sababu aliniogopesha. Na atashinda."

Sentensi hizo fupi zilitufundisha kuliko mpango wetu wa somo. Mtu anaweza kukataa moyoni, akakubali kwa haki, na akahesabu sawasawa, yote kwa pamoja, bila kujipinga. Anayelazimishwa kusema "lazima" tu hunyimwa nafasi hiyo, na mjadala hugeuka ugomvi kati ya mtu anayesema juu ya uigizaji na mtu anayesema juu ya bibi yake.

Kwa mwalimu atakayejaribu

Chagua kipengele kimoja, si sherehe nzima. Gawa ubao safu tatu, na kila mzungumzaji ataje safu yake kabla ya kusema. Kwa safu ya "anastahili", dai mfano kutoka kwenye filamu yenyewe. Kwa safu ya "atashinda", dai jibu la swali: nani anapiga kura? Kwa safu ya "ashinde", usidai kitu, sikiliza.

Mifano ya kwetu haikosekani. Watu Wote, filamu fupi ya Kiswahili na Kisomali kuhusu shambulio la basi karibu na Mandera, iliyoongozwa na Mjerumani Katja Benrath, iliwania Oscar mwaka 2018 na kushindwa na The Silent Child. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilipelekwa na Tanzania mwaka 2022 lakini haikufika kwenye orodha ya filamu tano. Filamu ya hali halisi juu ya Bobi Wine iliwania mwaka 2024, na mshindi akawa 20 Days in Mariupol. Hiyo ya mwisho itawasha moto darasa lolote la Uganda, na ndiyo maana safu tatu zichorwe mapema.

Kule Mvara darasa liliisha giza likiingia. Ubao ulifutwa, ila safu tatu tuliziacha, kwa kuwa mwalimu wa hesabu wa asubuhi aliomba azione.