Uvimbe wa Shingo na Uchovu Usiokwisha: Tumwone Daktari Gani?

Katika jumuiya zetu ndogondogo tunawafahamu wenzetu waliohangaika miaka mingi na uchovu, kuhisi baridi hata wakati wa jua na kuongezeka uzito pasipo sababu, huku wakitibiwa malaria mara kwa mara. Wengine, kinyume chake, hukonda, moyo huwaenda mbio na mikono hutetemeka. Hali zote mbili zaweza kutokana na tezi ya shingo, iliyo mbele ya koo, ambayo homoni zake huongoza kasi ya kazi za mwili mzima.

Mwenye rovu mara nyingi hukimbilia kwa daktari wa upasuaji. Asianzie huko. Rovu laweza kuwa kubwa na homoni zikawa sawa. Shingo nayo yaweza kuwa haina uvimbe wowote ilhali homoni zimepungua. Kinachotangulia ni kipimo cha damu kiitwacho TSH. Majibu yake yapelekwe kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, anayepatikana katika hospitali za rufaa kama Bugando ya Mwanza, inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu. Mabingwa wa homoni ni wachache. Huyo ndiye atakayejua nani anahitaji kupelekwa kwao. Tuombe barua ya rufaa, twende na majibu yote ya awali. Upasuaji huja hasa pale uvimbe unapobana pumzi au unaposhukiwa kuwa saratani.

Mama mjamzito asingoje: upungufu wa homoni hizi waweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Na aliyeandikiwa levothairoksini aimeze asubuhi kabla ya kula, wala asiiache kwa kuwa tu amepata nafuu.