Kabla ya Kuuza Laptopu kwa Bei ya Vipuri

Pumwani, Nairobi, inaijua mitumba, maana soko la Gikomba liko mlangoni. Kama ilivyo kwa nguo na viatu, kompyuta nazo nyingi hufika mtaani zikiwa zimeshatumika kwingine: laptopu nzito za Dell, HP na Lenovo zilizoondolewa maofisini ng'ambo. Ni mashine imara. Kinachowahi kuchoka ni diski, hasa ile ya zamani yenye sahani inayozunguka. Siku moja unabonyeza swichi, feni inavuma, kisha kioo kinabaki cheusi na maneno machache ya kusema hakuna mfumo. Wengi hapo huamini mashine imekufa, wakaiuza. Nashauri isiuzwe kabla haijajaribiwa kwa flashi.

Mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, ni mkusanyiko wa faili. Kompyuta ikiwashwa, programu ndogo iliyo kwenye bodi yake, BIOS kwa mashine za zamani na UEFI kwa za karibuni, hutafuta kifaa chenye mfumo na kuanza kuupakia kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda. Kifaa hicho si lazima kiwe diski ya ndani. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, Linux iliyowaka kutoka kwenye sidii bila kuandika chochote kwenye diski. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia akaleta Puppy Linux, ndogo kiasi cha kuenea yote ndani ya RAM. Flashi ziliposhuka bei, sidii ikaachwa.

Zile nyumba za Kiswahili za Majengo, humu Pumwani, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, zimewazoea wapangaji wa namna hii: mtu huingia na godoro lake na jiko lake, na akihama huondoka navyo. Mfumo wa kwenye flashi ni mpangaji wa aina hiyo: hutumia kioo, kibodi na prosesa ya mashine, lakini diski ya mwenyewe haiguswi mpaka wewe uifungue kwa makusudi.

Utahitaji flashi ya GB 8 kwenda juu. Mimi napendelea GB 16 au 32. Kwenye kompyuta nzima, pakua faili ya Linux Mint, ambayo ni karibu GB 3, halafu uiandike kwenye flashi kwa programu ya bure iitwayo Rufus. Kuinakili kama unavyonakili nyimbo hakutoshi. Rufus hufuta kila kilichokuwemo kwenye flashi, kwa hiyo okoa picha zako kwanza. Kisha chomeka flashi kwenye laptopu iliyogoma, iwashe huku ukibonyeza F12 kwa Dell na kwa Lenovo nyingi, au Esc kisha F9 kwa HP, uchague flashi. Tundu la rangi ya buluu mara nyingi ni USB 3.0, lenye kasi hadi mara kumi ya lile la zamani. Ukiwa na flashi ya USB 3.0, litumie hilo.

Hapa ndipo wengi huumia: kwa kawaida kila unachoandika hupotea ukizima. Wakati wa kuandaa flashi, tenga nafasi ya kuhifadhi. Rufus inakuwezesha kuitenga. Stima ikikatika ghafla wakati flashi inaandikwa, faili zinaweza kuharibika, kwa hiyo laptopu yenye betri hai ina thamani kubwa. Jihadhari pia na flashi za uongo, zinazodai GB 512 kwa bei ya kutupa. Programu ya H2testw huijaza flashi, huisoma upya na kukuambia ukweli.

Kwa nini Linux? Microsoft ilikuwa na Windows To Go, iliyowaka kutoka kwenye flashi, lakini iliiondoa mwaka 2020. Tena msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo laptopu nyingi za zamani hazina. Mint haina masharti hayo, na huja na LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu.

Kuna faida nyingine kwa anayejazia fomu za mkopo wa masomo za HELB au za huduma za serikali za eCitizen kwenye saiba. Mwenye saiba akikuruhusu kuwasha kwa flashi yako, nywila zako hazibaki kwenye diski yake. Lakini kifaa cha kunasa herufi kikiwa kimefichwa kwenye waya wa kibodi, flashi haitakusaidia.

Flashi ina kikomo cha kuandikwa, haikuundwa ibebe mfumo miaka mingi. Ukisharidhika kwamba mashine yako ni nzima, dunduliza ununue SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ya GB 120, uhamishie Mint humo, na flashi uiweke kwa dharura.