Je, Wajua? Marundo ya Monet hayakuwa chakula cha ng'ombe

Wengi hudhani marundo yaliyompa sifa mchoraji Mfaransa Claude Monet ni ya nyasi kavu za mifugo. Sivyo. Ni miganda ya ngano isiyopurwa, imepangwa duara na kuezekwa juu ili mvua isipenye. Mashine ya kupura ilikuwa ikizunguka kijiji hadi kijiji, hivyo marundo mengine yalisubiri shambani miezi kadhaa. Wakulima walingoja, Monet akafaidi.

Shamba lenyewe lilikuwa jirani na nyumba yake, Giverny. Kati ya 1890 na 1891 alichora picha zipatazo 25, kuanzia mwisho wa kiangazi hadi theluji. Alitoka na kanvasi kadhaa. Jua likisogea, anaweka kando moja na kushika nyingine. Zitazame zile za theluji kwa karibu: kivuli si cheusi hata kidogo, ni buluu na zambarau, na ukingo wa rundo unawaka rangi ya chungwa.

Mei 1891, picha 15 zilionyeshwa Paris na zikapata wanunuzi upesi. Wassily Kandinsky, aliyekuja kuwa kinara wa sanaa dhahania, aliiona moja Moscow, na hakutambua ni picha ya nini mpaka aliposoma katalogi. Haishangazi: kwa Monet, rundo lilikuwa kisingizio tu cha kuchora mwanga.

Mwaka 2019 moja ya picha hizo iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 110.7.