Plasta ya Mfupa na Joto Lake

Kijana mchunga ndama wa Endulen akianguka na kuvunjika mkono, hupelekwa kwa mganga, naye huufunga kwa vitambaa vyenye unga mweupe vilivyochovywa majini: ndiyo plasta, ambayo wengine huiita hogo. Punde mtoto hulia, “Mama, yaniunguza!” Mama hushangaa, maana maji yalikuwa ya baridi, wala hapana moto karibu. Basi joto hilo limetoka wapi?

Wasomaji wetu, twaomba mfuate safari ya unga ule. Asili yake ni jiwe laini liitwalo jasi, ambalo huchimbwa hata kwetu, huko Makanya katika Same. Ndani ya jasi mna maji yaliyofungamana na jiwe lenyewe, wala hayaonekani. Likichomwa kwa joto la digrii 150 hivi, robo tatu ya maji hayo hutoka, kukabaki unga mkavu. Kuyatoa si kazi nyepesi; jiwe humeza joto jingi la tanuri. Walakini joto lile halikupotea. Siku unga urudishiwapo maji, huyashika tena, hugeuka jiwe, na joto lililomezwa hutoka.

Walimu waweza kuonyesha darasani jinsi joto limezwavyo, tena pasipo tanuri. Tieni kikombeni vijiko 2 vya soda ya kuumulia mandazi (ile safi ya dukani, si magadi ya ziwa la kreta), kamulieni ndimu, kisha shikeni kikombe. Kitakuwa baridi, kwa maana mchanganyiko ule huvuta joto la kikombe na la mkono ukishikao.

Lakini turudi kwa mtoto wetu. Joto la plasta sharti lipate njia ya kwenda hewani. Usiku wa Endulen una baridi kali, naye mama kwa huruma huifunika plasta mbichi kwa blanketi, au huulaza mkono juu ya mto. Hapo joto hukosa njia ya nje, likaelekea ngozini, na ngozi yaweza kuungua kweli. Hatari huzidi plasta ikiwa nene, au ikichovywa katika maji ya moto. Basi mfunikeni mtoto mwili, mkono uacheni wazi mpaka upoe. Uvuguvugu kidogo ni wa kawaida. Bali akilia kwa kuungua, au vidole vikivimba na kufa ganzi, msimwambie avumilie kiume. Mwiteni mganga saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane.